Barua kwa mwanangu: nilikuwa natafuta nini mu yale mabuku manene

Mama yangu,

Mesaji yako ya sauti nimeisikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa nje naanua nguo juu mvua ilikuwa inakuja, nikaizima katikati, nikaingia ndani nikakaa, nikaanza upya. Unasema kijana wako pale Lusaka walimpa kazi ku masomo achore mti wa ukoo, akafika kwa kambo zangu, babu na bibi zangu, akakwama, akakuuliza "sisi tunatoka wapi?" na weye ukakosa cha kumwambia. Halafu ukaniuliza mimi, na hapo nilisikia sauti yako imebadilika kidogo: papa, ile miaka mishahara ilikatika, sisi tunalala na chai tupu tumboni, weye unakaa na buji, ile mishumaa, unasoma mabuku ya paji mia nane ya watu wa zamani ambao wengine hata hawakuishi, ulikuwa unatafuta nini mule ndani? Na ukaongeza, unajua ukoo wa Warusi kuliko ukoo wetu.

Sikukasirika. Lakini jibu lake haliingii mu mesaji ya sauti, njo maana naandika, usome polepole siku ya Mungu ukitoka misa.

Kwanza ile buji. Ni kweli, ilikuwa ya pesa, na marehemu mama yako hakusema neno lakini nilikuwa naona anavyoiangalia ikiisha. Yeye nilimuomba msamaha akiwa mzima. Leo nakuomba na weye.

Ile buku ya kwanza ilikuwa Vita na Amani ya Tolstoy, kwa Kifaransa, vitabu viwili, cha pili hakina ganda. Niliipata kwa wale wanaouzisha mabuku ya zamani chini mu centre-ville, nikabadilisha na pompi ya velo, velo yenyewe ilikuwa imeshauzwa. Sikujua huyo Tolstoy ni nani. Niliichukua tu juu ilikuwa nene, nikasema hii itanifikisha mwisho wa mvua. Watu wengi wanaikimbia ile buku juu ya majina, maana Mrusi mmoja ana jina lake, ana jina la baba yake ambalo wanamwitia kwa heshima, ana jina la ukoo, na nyumbani wanamkatia lingine fupi, ukilala ukiamka unafikiri ni watu wanne. Mimi sikupotea hata siku moja. Nilibatizwa jina, mwaka 1972 Mobutu, rais wetu wa wakati ule, akasema majina ya kizungu yaishe, nilikuwa na miaka 15, mwalimu akalifuta ku orodha akaandika la kambo, nyumbani mama akaendelea kuniita lile la ubatizo kwa sauti ya chini, na ku atelie wenzangu wakanipa lao. Mtu wa majina manne nilikuwa nimeshamjua.

Na paji za kwanza kabisa zilinishika. Ni mwaka 1805, mabwana na mabibi wa Urusi wako mu saluni wanaongea, na wanaongea Kifaransa! Lugha yao wanaiachia watumishi. Halafu 1812 Napoleon anaingia na jeshi, na wale wale wanaanza kutozana amande, yaani faini, kila mtu akiponyokwa neno la Kifaransa, na wengine Kirusi chenyewe hakiwatoki vizuri. Mama, nilifunga kitabu nikaangalia ukuta. Niliona wajomba zangu wamevaa tai, siku ya Mungu, wamekaa sebuleni wanaongea Kifaransa, halafu wanageuza kichwa kumwambia mke kwa Kiswahili alete maji. Yule mzee Tolstoy hakufika Kamalondo, mtaa wa huku kwetu, lakini nyumba ya mjomba alikuwa anaijua.

Lakini kile nilichokuwa natafuta nilikijua mbele zaidi, pale ku vita ya Borodino. Kuna bwana mmoja mnene, Pierre, si askari, anaenda kuangalia vita na kofia nyeupe kichwani, anazunguka katikati ya mizinga, anazuia watu njia, haelewi anachokiona. Ku masomo Borodino ni mstari mmoja, tarehe, jenerali huyu na jenerali yule. Mule ndani Borodino ni moshi, ni farasi, ni mtu anauliza niende wapi. Hakuna anayejua kama watoto watakuja kuifundishwa ile siku. Na Tolstoy mwenyewe hakuiona, alizaliwa 1828, alienda tu baadaye kutembea pale uwanjani wakati wa kuandika.

Pale njo nilimkumbuka baba ya mama yangu. Mama alikuwa na hadithi moja tu juu yake. Alikuwa mtoto wa miaka nane hivi, wanakaa mu kambi ya wafanyakazi wa mgodi, ni mwezi wa mvua, baba yake akatoka na viatu viwili akarudi na kimoja, akaosha miguu, akala bukari, ule ugali wetu, hakusema kitu, na kutoka siku ile hakwenda tena kuangalia mupira. Basi, hiyo njo hadithi nzima, na sisi watoto tulikuwa tunacheka juu ya kile kiatu. Miaka mingi baadaye nasoma buku ya historia, nakuta kwamba mwezi wa 12 mwaka 1941 wafanyakazi wa mgodi waligoma wanadai mshahara, wakakusanyika ku uwanja wa mupira hapa Élisabethville, njo Lubumbashi ya leo, na tarehe 9 askari wakawapiga risasi, wakafa watu wengi. Uwanja wa mupira. Nikahesabu miaka ya mama. Nikahesabu tena. Yeye alikuwa ameshazikwa, hakukuwa na wa kumwambia.

Unaona sasa. Ile historia ilikuwa na tarehe, haina kiatu. Sisi tulikuwa na kiatu, hatuna tarehe. Na romani ndefu, hadithi ya kutungwa, ile iliyoandikwa vizuri, njo mahali nilikuta vyote viwili vimewekwa mu nyumba moja. Njo nilikuwa natafuta hicho na buji yangu, hata kama wakati ule nisingeweza kukuambia hivyo, wakati ule ningesema tu nasoma.

Unasema hawakuishi. Ndio, Pierre hakuishi, sibishi. Nikisoma najua nani ametungwa na nani hapana, Napoleon aliishi, Pierre ni wa Tolstoy, na nikiona shaka natafuta buku ya historia nalinganisha. Hilo halikunisumbua sana.

Iliyonivunja kabisa ni Ségou ya Maryse Condé, yule mama wa Guadeloupe, vitabu viwili, cha kwanza cha 1984, nilikiazima ku biblioteki ya Halle de l'Étoile nikakirudisha kimechelewa. Ni ukoo wa Traoré ku mji wa Ségou, kando ya mto Niger, pale Mali ya leo, mwisho wa karne ya 18. Kitabu kinafuata vijana wa baba mmoja: mmoja anaacha mizimu ya kwao anaenda Timbuktu kusoma dini ya Kiislamu, mmoja anakuwa askari wa kukodiwa anafika mpaka pwani, na mmoja, Naba, anaenda kuwinda, anakamatwa, anauzwa, anavushwa bahari mpaka Brazil. Mimi ninayesoma niko naye kule ng'ambo. Nyumbani wanamlilia hawajui yuko wapi. Pale paliniuma kuliko vita yote ya Warusi, juu mimi nilikuwa najua kitu ambacho mama anayengoja nyumbani hakijui, na siwezi kuingia mu kitabu nimwambie.

Sasa sikiliza, hii sijawahi kukuambia. Baba yangu alikuwa na mdogo wake, jandarme, askari wa Katanga, huu mkoa wetu. Secession, ule wakati Katanga ilijitenga na Congo, ilianza tarehe 11 mwezi wa 7 mwaka 1960, ikaisha mwezi wa kwanza 1963, wengi wao wakavuka Angola na yeye akaondoka nao, au sisi tunafikiri aliondoka nao. Kambo kila jioni akisonga bukari alikuwa anatenga kidogo mu sahani ya bati anaifunika. Kila jioni. Mimi mtoto nilikuwa nameza mate juu ya ile sahani, na asubuhi njo tulikuwa tunapewa, baridi. Mwaka 1977 wale jandarme wa zamani walirudi na vita kutoka Angola, 1978 tena wakaingia Kolwezi, mji mzima huku uliogopa, watu wanafunga maduka, kambo yeye alifagia chumba. Hakurudi. Na hakuna aliyekuwa anasoma kitabu chake huko alikokuwa, wa kutuambia.

Si kwamba nasifu zote. Ziko nyingi ambazo historia mule ni pazia tu la ukuta, mbele yake ni mapenzi ya mfalme na binti, ukibadilisha nguo unaweza kuziweka mwaka wowote. Zile nasoma paji hamsini narudisha. Na hata Tolstoy, mwisho wa kitabu anaacha hadithi anaanza kufundisha historia ni kitu gani, paji na paji, niliziruka, baadaye nikajilazimisha kuzisoma, bado naona angetuacha na watu wake. Lakini kinachoniuma zaidi ni wale wanaobeba mishumaa. Mu zile nyumba kubwa kuna watu wanaingiza taa, wanavua mabwana viatu, wanasema neno moja wanatoka. Walikuwa mali ya wale mabwana, mfalme wao aliwaachia huru 1861, karibu tu na wakati Tolstoy anaanza kuandika. Nilikuwa nafunga kitabu nawaza huyu mwenye mshumaa usiku akirudi jikoni anasimulia nini?

Kumbe hapa kwetu huyo mwenye mshumaa alishaandika! Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya huu mji wetu, kwa jina la wale waliokuwa maboyi, watumishi, mu nyumba za wazungu, kwa Kiswahili chetu hiki hiki cha huku, ikaitwa Vocabulaire de ville de Elisabethville. Mtaalamu mmoja, Johannes Fabian, aliitoa 1990 pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Haiko romani, inaruka huku na kule, tarehe zingine zinapishana na za mabuku, lakini mtu aliyekuwa anapitisha supu njo anaongea, na anaongea sana. Rafiki mmoja alinipa paji zake za fotokopi, nikazisoma kwa sauti mu chumba niko mwenyewe, ilikuwa sawa vile baba ya mama ameamua mwisho kufungua mdomo.

Sasa sehemu ngumu. Juu ya nini sikukuambia ukoo wetu. Si kwamba niliwapenda Warusi zaidi. Baba ya mama yangu aliletwa hapa na mgodi mu miaka ya 1920, wakati ule walikuwa wanaenda kutafuta wafanyakazi mbali, na yeye walimtoa upande wa Kasai, mkoa mwingine wa Congo. Baba yangu ni wa huku. Sasa weye ulikuwa mtoto mdogo sana 1992 na 1993, hukumbuki, lakini miaka ile hapa Katanga kumuuliza mtu "weye unatoka wapi" haikuwa swali la mti wa ukoo. Watu wa asili ya Kasai walifukuzwa, familia nzima nzima zilikuwa zinalala ku stesheni zinangoja treni, watu waliozaliwa hapa, ambao hawakuwahi kuona hata hiyo Kasai. Mama yangu aliacha kuongea Tshiluba, lugha ya Kasai, hata na mashoga zake, mlango umefungwa. Sisi tukakaa juu ya jina la baba yangu. Na mimi njo nilikufundisha, ukiulizwa useme wa hapa hapa, basi, usiongeze. Ulikuwa na miaka minne, uliishika vizuri sana hiyo sentensi. Halafu ile hatari ilipita na mimi nikaendelea kunyamaza, sijui nilizoea, nikawa naenda kulia juu ya mama wa Ségou juu kulia juu ya wangu nilikuwa nimejikataza.

Hilo ni kosa langu, mwanangu, na halina uhusiano na buji.

Kutoka nilipoacha kazi nimeanza kuandika mu kaye, madaftari. Ziko tatu, ziko chini ya kabati, mu mfuko wa bluu. Situngi, naandika tu: nani alimzaa nani, walikaa kambi gani, walikula nini, nani alikuwa na majina mangapi. Nilijifunza mu yale mabuku kwamba vita vipite vinavyopita, lakini lazima ujue nyumba ilikuwa na vyumba vingapi na mwanamke wa mule aliamka saa ngapi. Kiatu nimekiandika, na tarehe yake. Kasai nimeiandika. Kwa baba mdogo nimeacha paji mbili tupu.

Zile paji mbili siwezi kuzijaza mimi. Shangazi yangu wa Katuba njo anamfuata kwa kuzaliwa, yeye njo alimsindikiza ile siku, na hajawahi kutuambia mpaka wapi. Nilimuuliza mwaka jana, akaangalia mikono yake akasema: "Bale benye kuuliza batoke kwanza kwangu, bakuje na batoto." Kwa hiyo mwezi wa 7 masomo yakifungwa mulete kijana, alale hapa, na akuje na ile karatasi yake ya mti. Asubuhi shangazi anachanganya watu, mimi ananiita jina la baba. Jioni akili inarudi vizuri. Tutaenda jioni.

Papa yako,
Lubumbashi