Mtafutie Kijana Wako Kazi Mtaani Kabla Shule Haijamwachilia

Kila mwaka, muhula wa tatu ukikaribia kuisha, kuna wazazi wa vijana wenye ulemavu wa akili hapa Nairobi wanaoitwa shuleni kuambiwa kwamba kijana wao amefika mwisho. Umri umepita, mafunzo yamekamilika, asanteni sana. Wenzake wa mtaani wanaenda chuo au wanatafuta vibarua Industrial Area. Huyu wetu anarudi nyumbani. Januari ikifika sare haivaliwi tena, na mama anabaki kuchagua: aache biashara yake, au amfungie mtu mzima ndani ya nyumba mpaka jioni.

Mwanangu wa kiume ana ulemavu wa akili. Huelewa mambo polepole, huongea kwa sentensi fupi, husoma maneno machache tu, na pesa huzitambua kwa rangi. Leo ni mwanamume mwenye ndevu, anaamka alfajiri kwenda kazini. Wazazi wenzangu hunisimamisha kanisani na sokoni kuniuliza ni kituo gani kilichompokea. Hakuna kituo. Vituo vizuri vipo, lakini vina foleni na karo, na siku moja navyo vitakwambia umri umepita. Kabla ya kutafuta mahali pa kumweka, tafuta watu watakaoishi naye mtaani: mwenye duka, msimamizi wa steji, fundi, jirani. Hao hawafungi muhula.

Kazi hii ianze kijana akiwa na miaka 14 au 15. Mtaala wa umilisi una njia ya wanafunzi wasiofuata madarasa ya kawaida: ngazi ya msingi, ya kati, ya maandalizi ya ufundi, kisha ya ufundi wenyewe. Mzazi akisikia ufundi hufurahi na kunyamaza. Usinyamaze. Muulize mwalimu ni ufundi gani, na ni nani mtaani kwenu anaununua. Katika kitengo cha elimu maalum alichosoma mwanangu walifundishwa kutunga shanga, kufuma mikeka ya mlangoni na kutengeneza sabuni ya maji. Sabuni sawa, watu hununua wiki baada ya wiki. Shanga hunyoosha vidole na hufundisha subira, sina ugomvi nazo, ila bangili ambazo wanunuzi wake ni wazazi wenyewe siku ya maonyesho ni harambee tu. Walimu watanisamehe, nao wanajua.

Mimi nilianza kwa kumtazama anachofanya bila kuambiwa. Nyumbani kwetu huwezi kuacha viatu vimetawanyika mlangoni. Atavipanga kwa jozi, vya wageni kwanza. Nikazunguka mtaani nikitafuta mtu anayehangaika na vitu visivyopangika, nikampata mzee mwenye depo ya soda. Chupa tupu humrudia zimechanganyika, na lazima zitenganishwe na kuingizwa kwenye kreti kabla lori halijafika. Kreti ya soda ndogo ina nafasi 24. Mwanangu hawezi kuhesabu hadi 24, na hana haja, kwa maana kreti yenyewe inamhesabia. Tundu likibaki wazi, kazi haijaisha.

Hilo ningependa kila mzazi alibebe: tafuta kazi ambayo chombo chake kinamwonyesha kijana kwamba amemaliza. Trei ya mayai ina mashimo 30. Kreti ya mkate hujaa au haijai. Nguo za dobi zina rafu zake. Kazi ya kuambiwa "fanya vizuri kidogo" au "angalia angalia hapo" humchanganya hata asiye na ulemavu wowote.

Ukienda kwa mwenye kazi, usiende kuomba huruma. Huruma huisha mwisho wa mwezi. Nilimwambia yule mzee kijana anafanya nini na hawezi nini, na kwamba siku za mwanzo nitakuwepo. Akanijibu, "Mama, mlete asubuhi kabla malori hayajaingia. Watu wakijaa hapa sitaweza kumwangalia." Jibu hilo lilikuwa na kila nilichohitaji: saa ya kufika, wakati wa hatari, na mtu anayekubali kuangalia. Tulikubaliana pia ni nani kijana atamwendea akikwama, mtu mmoja tu, si "mtu yeyote". Na tukataja malipo siku hiyo hiyo. Hapo mimi ni mkali. Kijana akianza bure "ili ashughulike," atashughulika bure miaka. Hata kama ni kidogo, alipwe, na alipwe mkononi mwake.

Sasa tuje kwenye matatu, magari yetu ya abiria. Hapa ndipo vijana wengi wa Nairobi hukwama, na ndipo ninapoulizwa kidogo kuliko panavyostahili. Kazi inaweza kupatikana, lakini kama ni lazima mama ampeleke na kumrudisha, basi mama ndiye aliyeajiriwa.

Kutoka kwetu Umoja hadi karibu na Barabara ya Jogoo si mbali. Kwa kijana anayeelewa polepole, safari hiyo ina masomo mengi. Kwanza, alama za njiani. Mwonyeshe vitu visivyohama: ukuta wa kanisa, mlingoti wa simu, jengo la ghorofa lenye rangi yake. Usimfundishe kwa muuza mayai na smoki. Siku akikosa kuja na toroli lake, kijana hana njia. Pili, nani wa kumjua. Makanga, yaani kondakta, hubadilika kila mara, leo yuko gari hili, kesho amesimamishwa. Msimamizi wa steji hubaki. Nilimsalimia yule wetu kila asubuhi mpaka akawa anamwita mwanangu kwa jina na kumwelekeza gari lenyewe. Tatu, kiti. Akae mbele au karibu na mlango ambapo makanga anamwona, na kijana amwambie anashukia wapi wakati anapanda, si gari likiwa limeshapita.

Halafu kuna nauli. Umemfundisha kijana kwamba nauli ni 50, ameshika, unafurahi. Jioni mvua inanyesha, na kila mkaaji wa Nairobi anajua yanayofuata: 50 imekuwa 80, au 100. Kwa mtu aliyeshikilia kwamba 50 ndiyo nauli, hapo dunia inasimama. Atabishana, atashushwa, au atabaki steji akitetemeka. Tiba yetu ilikuwa mifuko miwili. Mfuko wa shati una nauli ya kawaida. Mfuko wa ndani una noti ya 100, ile ya zambarau, ambayo ni ya mvua tu. Tulimzoesha nyumbani, mimi nikiwa makanga, dada yake akipiga kelele za abiria. Makanga akisema "ni soo", yaani mia, anatoa ya zambarau bila maneno. Ukiniuliza, kijana wetu anaishughulikia mvua kwa utulivu kuliko wengi wetu.

Na magari yetu hugeuka njiani. "Shukeni hapa, hatufiki." Kwa hilo kuna kanuni moja: ukishushwa pasipo pako, usitembee. Simama mbele ya duka lililofunguliwa, bonyeza namba moja kwenye simu, mpe mwenye duka aongee. Simu yenyewe ni mulika mwizi ya vibonye, hakuna atakayejisumbua kuinyakua.

Kumwachia njia kulikwenda kwa hatua. Nilikaa naye kiti kimoja, baadaye nikakaa nyuma kabisa kama simjui, kisha nikapanda gari linalofuata, halafu nikabaki steji nikisubiri simu ya depo kwamba amefika. Usiruke hatua kwa kuwa jirani anakutazama vibaya, na usikae kwenye hatua moja kwa kuwa wewe ndiye unayeogopa. Kuvuka Barabara ya Jogoo ndiko kulikochukua muda mrefu zaidi, na sioni aibu kusema nililia sana ndani ya gari la nyuma.

Karatasi zifuatwe kabla ya shule kwisha, kwa sababu shuleni bado kuna mwalimu wa kukuandikia barua na kukueleza mlango wa kubisha. Akitimiza miaka 18, kitambulisho cha taifa. Alama za vidole humtisha asiyezizoea. Tulifanya mazoezi nyumbani kwa wino wa mhuri mpaka likawa jambo la kuchekesha. Kisha tathmini ya ulemavu katika hospitali ya umma iliyoidhinishwa, na usajili kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, ambalo makao yake yapo kando ya Waiyaki Way. Ukitaka kujua uwezo wake wa kujifunza na kujitegemea, taasisi ya elimu maalum ya KISE pale Kasarani hufanya tathmini za namna hiyo.

Watu hudhani kadi ya Baraza ni ya kupata pesa. Inasaidia, ndiyo. Mwajiriwa mwenye ulemavu aliyesajiliwa anaweza kuomba msamaha wa kodi kwa mapato ya hadi shilingi 150,000 kwa mwezi (sisi wa depo hatujafika huko, tunaomba Mungu). Zipo pia ruzuku za vikundi na msaada wa karo. Zile shilingi 2,000 kwa mwezi za Inua Jamii, mpango wa serikali, ni za wenye ulemavu mkubwa wanaohitaji kuangaliwa kila wakati, kwa hiyo usizipigie hesabu kama kijana wako anajimudu. Lakini faida niliyoiona mimi ni nyingine. Kijana mkubwa anayechelewa kujibu, anayekwepa macho, jioni, akikutana na askari, huonekana mlevi au mkaidi. Kitambulisho na kadi mfukoni huyamaliza mazungumzo hayo mapema. Mfundishe kusimama, kuonyesha mikono, na kutoa kadi polepole.

Pesa zake ziingie kwenye laini ya M-Pesa iliyosajiliwa kwa jina lake. Namba ya siri ijulikane na yeye na mtu mmoja anayemwamini, basi. Wanaomkopa si matapeli wa simu peke yao, binamu wanaongoza. Na aruhusiwe kununua kitu cha kipuuzi. Mshahara wa kwanza wa mwanangu uliishia kwenye miwani ya jua na chipsi mwitu, na sikusema neno.

Kwa wenye binti, kuna suala ambalo wazazi hulizungushia maneno. Mfundisheni majina ya viungo vyake vyote, nani anaruhusiwa kumwona akivua nguo, na kwamba mtu mzima akimwomba afiche siri kuhusu mwili wake, asiifiche. Afundishwe pia kwamba kumpenda mtu si kosa, maana msichana anayekatazwa kila kitu hujifunza kuficha kila kitu. Likitokea baya, hospitali kwanza, kabla ya kuoga na kabla ya kikao cha familia. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI lazima zianze ndani ya saa 72.

Niliyoyasema ni ya kijana kama wangu. Kijana kiziwi ana akili timamu ya kusoma chochote. Anachokosa ni watu wanaojua lugha ya ishara, na Karen kuna chuo cha ufundi cha viziwi. Asiyeona ana chuo chake Machakos. Wa kiti cha magurudumu mara nyingi anazuiwa na ngazi tu, na ngazi za matatu zetu mnazijua. Hao wapiganie nafasi za ofisini pia, kwa sababu kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinataka angalau asilimia 5 ya nafasi za kuchaguliwa na kuteuliwa ziende kwa watu wenye ulemavu, na sheria mpya ya mwaka 2025 imechukua nafasi ya ile ya 2003. Asilimia hizo hazijawahi kufika depo ya mtaani, lakini mwenye cheti mkononi azitaje kwenye barua yake bila haya.

Swali linalowanyima wazazi usingizi ni la siku ambayo hatutakuwepo. Sheria ya Watoto ya 2022 inaruhusu mahakama kurefusha wajibu wa mzazi kupita miaka 18, na kwa kijana asiyeweza kuamua mambo yake kabisa, muulizeni wakili. Katika SHA, bima ya afya ya taifa, mwenye ulemavu anayemtegemea mzazi kabisa na kuishi naye anaweza kubaki chini ya mzazi hata akiwa mtu mzima. Sisi hatukwenda mahakamani, kwa sababu mwanangu anaweza kusema ndiyo na hapana, na hapana yake huwa haina rufaa. Tulikaa na ndugu zake tukawauliza, bila kuwapangia, kila mmoja anaweza nini. Dada yake alisema wazi kwamba hataki kuishi naye, ila atasimamia pesa na hospitali. Kaka alinyamaza kwa muda, kisha akasema chumba kitakuwepo. Majibu hayo nayaamini kuliko kiapo cha "tutamwangalia, Mama, usijali".

Wazazi wachache tumeunda chama. Tunachangishana kama chama kingine chochote, lakini pia kila mmoja analazimika kujuana na kijana wa mwenzake mpaka aweze kushinda naye siku nzima. Mwaka huu vijana wetu wawili wanamaliza shule. Mmoja anapenda kuku, na kuna mama mwenye vizimba Kayole amekubali kumwona. Wa pili hatujajua anapenda nini. Mama yake anasema hapendi chochote. Nimemwomba aache kumjazia Jumamosi kwa shughuli, amwache tu nyumbani asubuhi moja, na aandike kila anachogusa.