Namba ya konsetina ya zamani: mjue kwanza mtengenezaji, ndipo ufungue jedwali

Mkuu, umesema konsetina yako ina pembe sita, vitufe 48, namba 25318, lebo ya mtengenezaji imebanduka, na muuzaji amekuhakikishia ni ya mwaka 1910. Huo mwaka ameutoa kwenye jedwali la kulinganisha namba na miaka la Wheatstone, mtengenezaji wa konsetina wa London. Jedwali lenyewe halina kosa, maana namba za Wheatstone zilikuwa zimefika 25000 na ushee mwaka huo. Kosa ni kulitumia kabla ya kujua kama chombo ni cha Wheatstone. Lachenal, aliyekuwa London hiyohiyo, naye alifika 25000 kwenye konsetina za mfumo wa Kiingereza, ila yeye alifika kabla ya mwaka 1900. Namba ni moja, umri ni tofauti.

(Kwa wanaopita tu: konsetina ni kile kinanda kidogo cha mkono chenye mvukuto katikati na vitufe pande mbili. Kodiani ya mwomboko ni ndugu yake mkubwa, na haya ninayoandika hayaihusu.)

Kwanza tambua mfumo. Bonyeza kitufe kimoja, vuta mvukuto, kisha usukume. Sauti ikibadilika, hiyo ni Anglo. Sauti ikibaki ileile, ni mfumo wa Kiingereza au dueti. Ili kuzitofautisha hizo mbili, piga ngazi ya sauti: ikiwa noti zinarukaruka, moja mkono wa kushoto na inayofuata mkono wa kulia, ni ya Kiingereza, dueti huweka sauti nene zote kushoto na nyembamba kulia. Hili lina uzito kwa sababu Lachenal alikuwa na mfululizo mmoja wa namba kwa Kiingereza na mwingine kwa Anglo. Namba za Anglo zilipanda haraka mno, zikavuka laki moja, huku zile za Kiingereza zikibaki kwenye makumi ya maelfu. Ukisoma safu isiyo yake utakosea kwa miongo.

Pili, fungua chombo. Kila upande una skrubu ndefu sita zinazopita hadi kwenye fremu ya mvukuto. Usiguse zile ndogo zinazoshika mkanda wa kidole gumba. Tafuta bisibisi inayojaa sawasawa kwenye mfereji wa skrubu, kwani ikiwa nyembamba itauparura. Legeza kila skrubu nusu mzunguko kwa zamu, usiimalize moja kabla ya nyingine. Toboa matundu sita kwenye kipande cha boksi, uandike "kushoto" au "kulia", na kila skrubu uichomeke mahali pake, kwa sababu kila moja imezoea nati yake. Ukizichanganya unaweza kula uzi wa nati ya shaba. Skrubu ikigoma usimwage mafuta, yataingia kwenye mbao na ngozi. Gusisha ncha ya moto ya chuma cha kulehemu risasi juu ya kichwa chake kwa muda mfupi, iache ipoe, ujaribu tena.

Ukishaondoa upande wenye vitufe utaona ubao wa ndimi (vibamba vyembamba vya chuma vinavyotoa sauti) umekaa kwenye fremu ya mvukuto. Uvute kwa kidole kupitia tundu la katikati, bila kugusa ndimi zenyewe, kwa kuwa jasho la vidole huleta kutu. Sasa tafuta namba: kwenye ubao wa ndimi, kwenye ubao wa mitambo (ule wenye vijiti vilivyo chini ya vitufe), na kwenye fremu ya mvukuto. Zikilingana zote na ile ya nje, unaweza kuendelea kwa amani. Zikitofautiana, una konsetina ya kuungaunga, na mimi ningeamini namba ya ubao wa ndimi kuliko ya nje, maana pande za nje ndizo hubadilishwa zikivunjika nakshi. Ukikuta tarakimu moja au mbili tu, kama 7 au 32, hiyo ni alama ya fundi ya kulinganisha vipande vya chombo kimoja na haihusiani na umri. Konsetina za Jeffries, mtengenezaji mwingine, huwa na alama hizo tu, hazina namba ya mfululizo, kwa hiyo anayekupa mwaka wa Jeffries "kwa namba" anabahatisha.

Kama ni Wheatstone, una bahati. Vitabu vya kampuni vimehifadhiwa Horniman Museum, London, na picha za kurasa zake zimewekwa mtandaoni. Vya mauzo vinaanzia miaka ya 1830 hadi 1891, vikiwa na mapengo. Vya uzalishaji vinaanza 1910 hadi 1974. Katikati hapo ni kukadiria. Angalia pia unasoma tarehe ya nini. Kitabu cha mauzo kinaonyesha siku chombo kilipotoka dukani, na namba moja inaweza kutokea mara mbili au tatu kwa miaka tofauti, kwa kuwa vingine vilikodishwa vikarudi. Chukua ya mwanzo kabisa. Kitabu cha uzalishaji kina uzuri mwingine: kinaandika na idadi ya vitufe. Kikisema 48 na wewe una 48, vema. Kikisema kingine, ama tarakimu umeisoma vibaya (3 na 8, 1 na 7 hudanganya sana), ama chombo si cha Wheatstone.

Anwani ya Wheatstone husaidia pia pale lebo inapokuwepo: Conduit Street 20 ni hadi karibu 1905, West Street 15 ni baada ya hapo. Kwa Lachenal hakuna vitabu vilivyosalia, makadirio yote yametokana na vyombo vyenye risiti au maandishi ya tarehe. Ila jina linakata vipindi: Louis Lachenal alianza kujitegemea 1858 na kufariki 1861, mjane wake akaendesha kazi hadi 1873, na "Lachenal & Co." ni ya baada ya hapo. Tarehe ya penseli utakayoikuta ndani usiishangilie mapema. Mara nyingi ni ya fundi aliyekarabati, siyo aliyeunda.

Ndimi za shaba huashiria uzee, lakini zilitumika muda mrefu kwenye vyombo vya bei nafuu, kwa hiyo ni kiashirio dhaifu. Na kwa atakayepata Anglo ya Wheatstone kutoka Afrika Kusini, walikokuwa na wateja wengi, akaona namba ya 50000 na kuendelea: huo ni mfululizo wa pembeni ulioanza miaka ya 1930, usidhani kwa ukubwa wa namba kwamba ni wa baada ya mfululizo mkuu wa 30000.

Kwa yako, mkuu, weka picha ya ubao wa ndimi na ya mitambo iliyo chini ya vitufe. Vijiti vikiwa vimefungwa kwa ribiti, 1910 bado inawezekana. Vikiwa vya ndoano, vinavyoegemea kwenye kishikizo bila ribiti, huo ni mtindo wa Lachenal, na itabidi umrudie muuzaji kuhusu bei.