Kutofautisha miti ya maua katika mitaa ya Nairobi

Ndugu muulizaji, umeeleza kwamba katika matembezi yako ya jioni mitaani Nairobi huona miti yenye maua mekundu, na kwamba programu ya simu hukupa jina tofauti kila unapoipiga picha. Picha ya ua lililo juu mtini haitoshi. Afadhali uokote lililoanguka, kisha utazame jani na tunda pia.

Miti miwili yenye maua mekundu ambayo huchanganywa ni kifabakazi (Nandi flame) na mkrismasi (flamboyant). Ua la kifabakazi ni kubwa, lenye umbo la kikombe kilichoelekea juu, jekundu la kukaribia rangi ya chungwa na lenye ukingo wa manjano. Tumba lake likibinywa hurusha maji, mchezo ambao watoto wengi huujua kabla ya kulijua jina la mti. Ua la mkrismasi, kwa upande wake, lina petali tano zilizoachana, moja ikiwa na mabaka meupe au ya manjano, na maganda ya mbegu zake ni marefu, bapa na magumu.

Mjakaranda hautakusumbua: ifikapo Oktoba huwa zambarau tupu, mara nyingi kabla majani hayajarudi.

Kuhusu bogenvilia za kwenye kuta, usihadaike na rangi, kwani zile sehemu za waridi ni majani yaliyobadilika, na ua lenyewe ni mrija mwembamba mweupe ulio katikati.

Andika pia tarehe, kwa kuwa mkrismasi hushamiri karibu na Desemba, ilhali kifabakazi huweza kuchanua nyakati mbalimbali za mwaka.