Ramani kurudishwa kwa kukosa mfumo wa moto

Pole ndugu kwa ramani yako ya ujenzi kurudishwa kwa kukosa mfumo wa kujikinga na moto. Kwa jengo la ghorofa nne la maduka na ofisi, usikimbilie kununua mitungi ya kuzimia moto. Hiyo ndiyo kazi rahisi. Mkaguzi huanza na njia za kutokea: ngazi mbili zilizo mbali moja na nyingine, zimezungushiwa ukuta, milango inayohimili moto, ijifunge yenyewe na ifunguke kuelekea upande wa kutokea. Ngazi iliyo wazi hugeuka bomba la moshi. Kisha chora tangi la akiba ya maji, pampu, mipira ya maji kila ghorofa, ving'amuzi vya moshi, kengele, na njia ya gari la zimamoto. Suala la vinyunyizio, vile vya darini vinavyomwaga maji vyenyewe moto ukiwaka, mwachie mhandisi wa moto aliyesajiliwa, agonge na muhuri. Zege lisimwagwe kabla ya kibali.