Wikendi ya kiangazi: panga kwa jua

Ndugu, umeuliza utawezaje kuingiza bustani, baiskeli, kamera na matembezi na watoto kwenye wikendi moja ya kiangazi bila kufika Jumapili jioni ukiwa hoi. Inawezekana, ila acha kupanga kwa saa ya ukutani. Panga kwa jua.

Alfajiri ni ya bustani. Maji ya wakati huo huzama hadi kwenye mizizi kabla joto halijayakausha. Ukimaliza, panda baiskeli hewa ikiwa bado baridi. Kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni mionzi ya jua ndiyo mikali zaidi. Ukiona kivuli chako ni kifupi kuliko wewe, tafuta mti ukae chini yake. Muda huo mimi huupa chakula, usingizi na kitabu, na kwa kweli ndio ninaoupenda kuliko mwingine wote. Kamera uitoe saa ya mwisho kabla ya machweo, mwanga unapokuwa laini na wa dhahabu.

Mafuta ya kujikinga na jua (yenye SPF, yaani kipimo cha kinga dhidi ya jua, ya 30 au zaidi) yapakwe upya kila baada ya saa 2, na kila mnapotoka kuogelea.

Halafu watoto watoke mara moja tu kwa siku. Hapo nakusihi sana! Niliwahi kuwazungusha wanangu sehemu tatu siku moja. Walichokumbuka ni foleni ya magari. Siku tuliyoshinda mtoni tu, bado wanaisimulia.