Mfundishe kwanza kuhakiki anachosema, ujasiri utakuja

Wanafunzi wetu wa sekondari huandika hotuba tangu kidato cha kwanza. Wanaijua itifaki kwa moyo: mgeni wa heshima, mwalimu mkuu, walimu, wazazi na wanafunzi wenzangu, hamjambo. Lakini mwambie huyo huyo asimame gwarideni aisome hotuba aliyoiandika mwenyewe, uone karatasi inavyotetemeka mkononi. Mtihani wa KCSE, wa kumaliza sekondari hapa Kenya, hauna nafasi ya kumsikiliza mtahiniwa akihutubia. Hata katika Kiingereza, stadi za kuzungumza hupimwa kwa kalamu kwenye karatasi ya kwanza. Kisicho na alama hakipewi muda, na kwa hivyo kazi hii imebaki mikononi mwetu sisi walezi wa vyama vya mdahalo na vya Kiswahili, baada ya masomo, watoto wakiwa wamechoka na njaa.

Nimelea chama cha aina hiyo katika shule ya kutwa hapa Mombasa kwa miaka mingi, na ushauri wangu mkubwa kwa walimu wenzangu ni huu: usimfundishe mtoto ujasiri leo ukamwekea uwajibikaji kesho. Vifundishe pamoja. Mtoto aliyehakiki maneno yake hatetemeki sana, kwa kuwa hana swali analoliogopa.

Msichana mmoja wa kidato cha tatu, mkaazi wa Likoni, alitaka kuzungumzia usalama wa feri. Sauti alikuwa nayo, na jambo lenyewe linamhusu kila asubuhi akivuka kuja shule. Katika mazoezi akasema kwa kishindo, "Maelfu waliangamia Mtongwe!" Kijana mmoja nyuma akamuuliza, "Maelfu mangapi?" Akanyamaza. Sikumjibia. Nilimwambia aende akatafute, na aulize pia nyumbani. Wiki iliyofuata alisimama pale pale, akasema taratibu: "Tarehe 29 Aprili 1994, watu 272 walipanda feri ya Mtongwe na hawakufika ng'ambo. Bibi yangu alikuwa akiwajua baadhi yao." Hakupaza sauti hata kidogo. Kijana aliyemuuliza swali ndiye aliyeanza kupiga makofi.

Tulizungumza baadaye kwa nini hesabu ile ina uzito. Katika ukumbi wowote wa Mombasa, huenda yumo mtu aliyempoteza mzazi au jamaa siku ile. Ukitia chumvi, unamfanya marehemu wake kuwa pambo la hotuba yako. Wanafunzi walilielewa hilo upesi kuliko nilivyotarajia, na tangu hapo swali la "umejuaje?" limekuwa la kawaida chamani. Mtu haulizwi ili aaibishwe. Anaulizwa ili ajue pa kusimama.

Sasa kuhusu woga wenyewe. Vitabu vingi vya kufundisha hotuba vinasema mzungumzaji awatazame watu machoni. Pwani tunawalea watoto kwa haya, na kumkazia macho mtu mzima ni utovu wa adabu. Siwezi kuivunja haya hiyo kwa sababu ya mashindano, wala sitaki. Namwambia mtoto atazame safu ya nyuma, juu kidogo ya vichwa, kisha achague rafiki mmoja kila pembe ya ukumbi. Macho yatazoea yenyewe.

Halafu tuwajue watoto wetu. Wapo tunaowaita waoga darasani ambao mfunguo sita ukiingia wanasoma maulidi mbele ya umati, sauti haikatiki. Wapo wanaosoma neno kanisani kila Jumapili. Mtoto kama huyo muulize: ukisoma kule, pumzi unaivutia wapi? Mwache asome kipande kidogo, kisha aseme sentensi ya kwanza ya hotuba kwa pumzi ile ile. Nimeona mtoto akibadilika mbele ya macho yangu kwa zoezi hilo tu.

Mazoezi tunayafanya madirisha wazi, pangaboi likizunguka na tuktuk zikipiga honi barabarani. Anayekaa nyuma kabisa akishindwa kusikia huinua mkono, basi. Hacheki wala hasemi kitu. Adhana ya alasiri ikiadhiniwa katikati ya hotuba, mzungumzaji husita mpaka imalizike, halafu huendelea alipoachia. Wengi wamejifunzia hapo kwamba kimya hakimuui mtu. Hotuba nzima haikaririwi: sentensi ya kwanza na ya mwisho tu, na katikati kadi ndogo yenye maneno machache. Anayekariri yote akipoteza neno moja hupoteza yote.

Kimvita chao, lahaja ya hapa Mombasa, sikigusi wakati wa kutafuta mawazo. Mtoto anayesahihishwa "yuwaja" (anakuja) kila akifungua mdomo ataacha kuufungua. Kusanifisha lugha ni kazi ya wiki ya mwisho.

Uchaguzi mkuu wa 2027 unakaribia, na baadhi ya wanafunzi hawa watakuwa wapiga kura. Wapo watakaoitwa kwenda kushangilia jukwaani, na wapo watakaopewa kipaza sauti. Kwa hiyo kila muhula tunasoma pamoja Kifungu cha 33 cha Katiba ya 2010. Kinampa kila mtu uhuru wa kujieleza, na hapo hapo kinasema uhuru huo haujumuishi uchochezi wa ghasia wala matamshi ya chuki. Wao hawakuyaona machafuko yaliyotokea nchini baada ya uchaguzi wa 2007. Sisi tuliyaona, na tuna wajibu wa kuwaambia kwamba maneno yalitangulia mapanga. Sheria yetu chamani ni kupinga hoja bila kugusa kabila, dini wala ukoo wa mtu.

Njia bora niliyoipata ya kulijenga hilo ni kumpa mtoto upande asioupenda. Tulipojadili agizo la 2019 la kusafirisha makontena ya bandari kwa reli ya kisasa ya SGR badala ya malori, lililoondolewa 2022, kijana ambaye babake ni dereva wa lori alipewa kuitetea reli. Alikunja uso, lakini alisoma. Zamu ilipobadilika akawatetea madereva, hoja zake zilikuwa nzito kuliko za wote, kwa maana alishayajua majibu ya upande wa pili.

La mwisho ni simu. Mazoezi hayarekodiwi, na siku ya hotuba harekodiwi asiyeridhia. Video ya mtoto akigugumia hufika kwenye makundi ya WhatsApp ya mtaani kabla yeye hajafika nyumbani, na mwaka huo humpati tena jukwaani.