Nimeweka LED, mbona uniti zinaisha vilevile?

SWALI: Fundi habari za kazi. Mimi napanga Tabata, LUKU yangu mwenyewe. Nilikuwa na bulbu nne zile za njano za wati 60, nimezitoa zote nimeweka LED za wati 9, lakini uniti naona zinakata tu, halafu ile ya chumbani nikizima usiku inabaki inawaka kwa mbaaali, mume wangu anasema ndo inayokula umeme. Turudishe za zamani?

JIBU: Salama dada. Msirudishe! Bulbu ya wati 60 ukiiwasha masaa matano kila siku, kwa mwezi inakula uniti 9, hiyo LED haifiki hata moja na nusu, kwa hiyo kwa taa nne umeokoa uniti kama 30, na kama uko kwenye ile tarifu ya uniti 75 za bei ya chini basi 30 sio kidogo. Mwizi yuko kwengine. Angalia mpira wa mlango wa friji kama unabana, jagi la umeme, na pasi. Pasi ya wati 1000 ikivuta moto saa zima imemaliza uniti moja, LED yako ingewaka zaidi ya masaa mia.

Sasa hiyo ya chumbani. Umeme inaokula ni wa kuhesabu punje, ila mimi sijaipenda. Kama swichi haina kile kitaa chekundu, mara nyingi ni fundi aliyekata nyutro (waya wa kurudi) kwenye swichi badala ya laivu (waya wenye moto), yani unazima taa lakini holda bado ina moto. Bulbu ya zamani isingekuonyesha maana umeme kidogo hivyo hauwezi kuiwasha, LED inawaka. Mwite fundi aje na testa aangalie, akikwambia "hiyo kawaida tu" bila kufungua swichi tafuta mwingine, na mpaka hapo mtu asiguse ile bulbu kabla ya kuzima meni swichi, hasa watoto wa siku hizi wanaojifanya mafundi.

Siku nyingine ukienda Kariakoo usisome wati peke yake, soma lumeni, yani kipimo cha mwanga, 800 hivi ndo mwanga wa ile 60 yako. Na usiifungie ndani ya globu ya kioo isiyopumua, joto linaiua mapema halafu lawama anapewa muuzaji.